Tad Wojnar na Kasha la Fidla Kubwa

Habari za mchana, wasikilizaji wapendwa, popote mlipo hapa Parma na kando kando yake. Ni mimi Rosalind Tkach. Kahawa yangu iko hapa mezani, imeshapoa, na theluji dirishani haina dalili ya kuchoka.

Leo tunamkumbuka Tad Wojnar. Tad Wojnar, mwalimu wa udereva. Tad Wojnar, aliyekalia kiti hiki hiki nilichokalia mimi, kila Alhamisi, akatuambia muziki upi unafaa na upi ukatupwe. Amefariki wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na minne. Ni moyo. Alikuwa ametoka kuondoa theluji mlangoni pa jirani, akaingia ndani, akakaa kitini, basi. Dada yake, Bernadette, anasema beleshi lilikuwa limeshafutwa na kurudishwa mahali pake.

"Hata kufa, amekufa akiwa amepanga vitu," Bernadette aliniambia. Akacheka, halafu akalia, halafu akaniwekea sahani ya pierogi za viazi bila kuniuliza kama nina njaa.

Likumbukeni hilo beleshi, wasikilizaji wapendwa. Tutakutana nalo tena.

Tad alizaliwa hapa hapa, mtoto wa pili wa mama Wojnar, yule mama aliyekuwa akiwasha taa ya barazani kila jioni mpaka watoto wake wote waingie ndani. Tad alipokuwa na miaka kumi, mama aliwasha taa hiyo. Alipokuwa na miaka thelathini, ameoa, ana nyumba yake mwenyewe, bado mama aliwasha. "Huwezi kujua," alikuwa akisema. Na kweli, ndoa ya Tad ilipovunjika, akarudi kwa mama na sanduku moja la nguo na masanduku kumi na kitu ya santuri, na taa ilikuwa inawaka.

Sasa, hizo santuri. Ili kumwelewa Tad ni lazima tuingie kwanza dukani kwa Lyle Hendershot.

Mnalijua duka la Lyle, lile la santuri na CD pale barabara ya Ridge. Na mnajua utaratibu wake. Unachagua unachotaka, unakipeleka kaunta, na kabla Lyle hajakuuzia, anakitazama. Anashusha miwani, anakitazama, kisha anakutazama wewe. Kama umechagua vizuri, anakaa kimya. Kama umechagua vibaya, anasema "Mh."

Ni hilo tu. Haongezi neno. Lakini wapo watu wazima katika mji huu, watu wenye wajukuu, ambao wamewahi kuiacha santuri pale kaunta na kutoka mbio kwa sababu ya hiyo "Mh."

Tad aliipata yake akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amebeba santuri ya disko, ya akina dada watatu waliovaa nguo za kumetameta. Alikuwa ameisikia mara moja kwenye harusi ya binamu yake, akacheza mpaka kiatu kikamvuka. Lyle, ambaye wakati huo naye alikuwa kijana lakini tayari na uso wa hakimu, akashusha miwani.

"Mh."

"Ni ya... ni ya dada yangu," Tad akasema.

Bernadette aliponisimulia hapo alipiga meza. "Ya dada yake! Mimi! Mimi nilikuwa napenda polka, mpaka leo napenda polka, na sijawahi kumficha mtu! Kuanzia siku ile, Rosalind, kaka yangu alifunga ndoa na ile Mh. Mkewe alikuwa mke wa pili."

Na ni kweli. Tad aliirudisha santuri rafuni. Tangu siku hiyo akawa anamsikiliza Lyle kabla ya kuusikiliza muziki. Lyle akisema kitu fulani ni kizito, Tad anakibeba nyumbani. Akifika anakiweka, anafumba macho, anasubiri kukipenda. Wakati mwingine alisubiri sana. Lakini alikuwa na kichwa chepesi na ulimi mkali, na Lyle akamkubali, akampa kiti kwenye Jumapili ya Kusikiliza, kile kikao cha dukani kwake. Kutoka pale akaja hapa redioni, na sisi tukampa saa yake ya Alhamisi. Aliogopwa na wanamuziki wa kaunti tatu.

Kilele cha heshima yake kilikuwa CD moja ya Mfini mmoja mpiga fidla kubwa, ile ya kushikwa kati ya magoti. CD hiyo ilirekodiwa kisiwani, wakati wa baridi, madirisha yakiwa wazi. Inaanza na upepo. Upepo mtupu, muda mrefu, halafu fidla inakoroma mara moja, halafu upepo tena. Hapa mjini walikuwa nayo watu wawili tu, Lyle na Tad. Watu walipofika kwa Tad waliiona rafuni, katika kasha lake la kijivu, wakapunguza sauti zao wenyewe.

Basi, sasa anaingia Keeley Brandt. Keeley leo anaendesha gari la manispaa la kuondoa theluji barabarani, na kama umeweza kutoka nyumbani asubuhi ya leo, mshukuru yeye. Lakini wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa tishio kwa magari yaliyoegeshwa. Alikuwa hawezi, hawezi kabisa, kurudi kinyumenyume na kuingiza gari kati ya magari mawili. Tad upande wake ana breki ya mwalimu, na goti lake lilikuwa limevimba kwa kuikanyaga.

Keeley alinipigia simu juzi akiwa kazini. Alinisimulia hivi:

"Nikamwambia, Mwalimu, mimi bila muziki siwezi. Akasema, hakuna muziki ndani ya gari la shule. Nikamwambia, basi Mwalimu, tutazeeka hapa. Akatazama saa. Akasema, wimbo mmoja. Nikachomeka CD yangu, Adhabu ya Jumamosi."

Kwa wale ambao umri umewapita pembeni, Adhabu ya Jumamosi ni bendi ya vijana wanne wa Toledo. Wanapiga pop panki. Magitaa ya haraka, ngoma za haraka zaidi, na mwimbaji mwenye mafua ya kudumu anayelalamika kwa furaha. Na hapa lazima niseme jambo. Tad alikuwa ameshawaponda hao vijana. Aliwaponda hapa hapa, kwenye maikrofoni hii, mwezi mmoja tu kabla. Alisema, "Huo si muziki. Ni watoto wanaokilalamikia chakula cha shule." Alikuwa hajausikiliza hata wimbo mmoja. Lyle alikuwa amesema "Mh," na hiyo ilitosha.

"Basi muziki ukaanza," anasema Keeley, "na mimi nikaliingiza gari kama mkate kwenye tanuri. Nikageuka nipongezwe. Mwalimu hanitazami. Anatazama mbele. Wimbo wenyewe ulikuwa ule wa saba. Nikasema, Mwalimu, nimeweza! Akasema, rudia. Nikasema, kuegesha? Akasema, hapana, rudia wimbo. Nataka kukagua breki."

Wimbo wa saba, wasikilizaji wapendwa, ni wa kijana anayemwambia mama yake asimsubiri. "Zima taa ya barazani, mama, mimi najua njia." Ndicho kiitikio. Hakina zaidi ya hapo. Anakiimba mara nyingi kuliko inavyohitajika, na kila mara kwa nguvu kuliko mara iliyopita, kama mtu anayesema uongo na anajua anasema uongo.

Mama Wojnar alikuwa amefariki majira ya kuchipua ya mwaka ule. Tad alikuwa na miaka arobaini na moja. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ile, na jioni alikuwa akirudi akiikuta baraza ina giza.

Aliitaka ile CD. Aliitaka vibaya sana. Lakini angeinunua wapi? Kwa Lyle? Kwenye kaunta ile? Basi mtu mzima, mtangazaji, aliendesha gari mpaka Sandusky, mwendo wa zaidi ya saa nzima, akaingia supamaketi amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Akaichukua. Na ili asionekane amefuata CD peke yake, akanunua vitu vingine vya kuizungushia: sabuni ya unga, soksi, na beleshi la theluji. Ilikuwa mwezi wa saba, joto tupu.

Mwenye kaunta akamwuliza, "Mzee, unategemea theluji?"

"Huwezi kujua," Tad akajibu.

Alipofika nyumbani akalichana kasha la Adhabu ya Jumamosi vipande vipande na kulizika chini kabisa ya takataka. CD yenyewe akaiweka mahali ambapo hakuna binadamu angeigusa kwa hiari yake. Akaiweka kwenye kasha la kijivu la fidla kubwa.

Akaisikiliza miaka miwili. Gari likiwa tupu, madirisha yamefungwa. Jikoni akikaanga vitunguu. Bernadette alimkuta mara moja anapangusa sakafu huku anaruka. "Nikamwuliza, Tad, umekanyaga nini? Akaniambia, mgongo, dada. Nafanya mazoezi ya mgongo." Na kila Alhamisi alikuja hapa, akarekebisha sauti yake, akatueleza habari za upepo.

Sasa tufike Jumapili yenyewe.

Jumapili ya Kusikiliza hufanyika chumba cha nyuma cha duka la Lyle, mchana, baada ya misa na baada ya watu kula. Viti vya kukunja, mapazia yanashushwa, macho yanafumbwa. Mtu mmoja analeta albamu, na inasikilizwa yote. Sheria ni moja, na aliyeitunga ni Lyle mwenyewe: ikishaanza, haizimwi. Nyumba ikiungua, tunaungua nayo. Hakuna kusema mpaka iishe.

Lyle alimpigia Tad simu. "Tuletee ile fidla kubwa. Watu wanaiulizia."

Mwenye duka zima anamwomba yeye alete ya kwake! Tad akaona ni heshima kubwa. Akaenda rafuni akiwa amevimba kichwa, akalichukua kasha la kijivu, akaondoka. Alikuwa amejidanganya muda mrefu mpaka naye akaamini. Alipoliona lile kasha aliona fidla, kama watu wote.

Mapazia yalikuwa yameshashushwa alipoingia. Lyle akalipokea kasha kwa mikono miwili, akaitia CD kwenye mashine humo gizani, akaketi. Kila mtu akafumba macho, akasubiri upepo.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne!"

Connie Dragan, mwenye saluni, alikuwa kiti cha mbele. "Rosalind, nilidhani tumevamiwa," aliniambia. "Nywele zangu mwenyewe nilizisikia zinasimama. Nikafumbua jicho moja. Nikamwona Tad. Mwanamume alikuwa mweupe kama sahani. Nikamwona Lyle, amefumba macho, kidevu juu, hatikisiki. Nikasema moyoni, kama Lyle hashtuki, mimi ni nani nishtuke? Nikafumba."

Na hivyo ndivyo watu wazima wapatao kumi na wawili wa mji huu walivyokaa kwenye viti vya kukunja, wakaisikiliza Adhabu ya Jumamosi kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, nyuso zimekunjwa kwa huzuni kama wako mazishini. Wimbo wa kukosa basi. Wimbo wa kuachwa na msichana wa duka la aiskrimu. Wimbo mwingine wa msichana yule yule. Hakuna aliyezima, maana haizimwi. Connie anasema wakati wa wimbo wa nne mguu wa Marv Sabo, mfamasia, ulianza kupiga sakafu wenyewe, naye akaukalia.

Ikaisha. Mapazia yakapandishwa. Watu wakapepesa macho wakitafuta atakayeanza.

Akaanza Marv. Alisafisha koo. "Mimi kilichonigusa ni jinsi fidla ilivyojificha."

"Imejificha kweli," Connie akasema. "Mimi sikuisikia hata mara moja. Nadhani ndio ufundi wenyewe."

Mwingine nyuma akasema Wafini wana baridi kali, lazima wapashe mwili. Vichwa vikatikisika kukubali.

Lyle hakutikisa kichwa. Alimtazama Tad, akashusha miwani, akasema polepole, "Hili ni lile toleo la pili, sivyo, Tad? La majaribio?"

Wasikilizaji wapendwa, mlango ulikuwa wazi hivyo. Tad angesema "ndiyo," tu, angetoka pale na kiti chake, na heshima yake, na saa yake ya redio. Neno moja. Aliniambia baadaye kwamba lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini wimbo wa saba ulikuwa bado unamwungurumia kifuani, na akahisi kwamba akisema "ndiyo" atakuwa anaizima ile taa kwa mkono wake mwenyewe.

"Hapana, Lyle."

"Hapana nini?"

"Si toleo la pili. Wala si Mfini. Hao ni vijana wa Toledo. Adhabu ya Jumamosi."

Marv akasema, "Si ndio wale uliowaponda redioni?"

"Ndio hao. Niliwaponda kabla sijawasikia. Sasa nimewasikia mpaka CD imechubuka."

"Kwa ajili ya utafiti," Lyle akasema. Bado alikuwa anaushikilia mlango.

"Utafiti gani! Naipenda, jamani! Niliifuata Sandusky, nikanunua na beleshi la theluji mwezi wa saba ili nisionekane! Naipenda vitunguu vikikaangika, naipenda kwenye foleni, na wimbo wa saba ukianza natafuta leso. Nina miaka arobaini na tatu na hiyo ndiyo albamu ninayoipenda kuliko zote. Haya. Nimesema."

Chumba chote kikamgeukia Lyle.

"Mh," akasema Lyle.

Na Tad Wojnar, ambaye alikuwa ameisubiri hiyo Mh kwa woga tangu ujana wake, alisimama, akavaa koti, akasema, "Mh mwenyewe!"

Akatoka. CD akaisahau ndani ya mashine, ikabidi arudi kuichukua, na Connie anasema hiyo ndiyo sehemu iliyohitaji ushujaa zaidi.

Hakurudi tena kwenye Jumapili ya Kusikiliza. Hakuna aliyemfukuza. Hakualikwa tu. Ilimwuma, nisiwadanganye, maana wale walikuwa ndio rafiki zake. Yeye na Lyle walikutana kila Kwaresima ukumbini parokiani, kwenye samaki wa kukaanga wa Ijumaa, na kwa miaka yote hiyo walichoambiana ni "Nisogezee chumvi."

Lakini Alhamisi iliyofuata alikuja hapa. Akaiweka Adhabu ya Jumamosi, yote, na akawaomba radhi wale vijana wa Toledo. Simu zikalia mpaka fundi wetu akashika kichwa. Mmoja akamwambia, "Wojnar, uzee umeuanza vibaya." Tad akamwuliza, "Na wewe ukiwa peke yako garini unasikiliza nini?" Yule bwana akasema, kwa sauti ndogo, "Nyimbo za katuni." "Zipi?" akauliza Tad, na alikuwa anataka kujua kweli.

Kipindi kikageuka kuanzia hapo. Mnakikumbuka. "Ukiwa peke yako garini." Sista wa parokia aliyependa magitaa mazito ya kutisha. Mkuu wa zimamoto na filimbi zake. Tad hakumcheka hata mmoja, na kama kitu hakukipenda alisema hakipendi, lakini alikuwa amekisikiliza kwanza.

Tulimzika Jumamosi. Baada ya misa tulikwenda ukumbini kula, na Bernadette akasimama akasema kaka yake aliacha ombi moja. Albamu ipigwe, yote, na sheria ni ile ile. Padri akatabasamu kwa wasiwasi. "Moja! Mbili! Tatu! Nne!" Keeley Brandt akawa ameanza kulia kabla ya gitaa.

Nyuma kabisa, karibu na makoti, alikuwa amesimama Lyle Hendershot. Ana miaka sabini na kitu sasa, na mkongojo. Hakuna aliyemtazamia. Mimi nilikuwa karibu naye, na wimbo wa saba ulipofika nikageuka kumwangalia, nione kama atasema ile Mh.

Midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa anaimba. Siyo kiitikio, hicho anakijua kila mtu. Alikuwa anaimba ubeti wa pili, ule wa haraka, ambao hata Keeley anaurukaruka.

Bernadette naye alimwona. Albamu ilipoisha akamfuata. "Lyle, maneno hayo umeyajulia wapi?"

Lyle akashusha miwani. Akasema anayo albamu hiyo tangu wiki ilipotoka.

"Mbona hatujawahi kuiona?"

"Iko kwenye kasha la fidla kubwa," Lyle akasema. "Ndiyo maana siku ile nilimwomba Tad alete ya kwake."

Bernadette akacheka, mkono kwenye meza, mpaka watu wakaacha kula. Akamwambia kwamba CD ya fidla ya Tad ameiona juzi tu, akisafisha nyumba. Imewekwa chini ya mguu wa mashine ya kufulia, isiyumbe. Akamwuliza na ya kwake iko wapi.

"Sijui," Lyle akasema. "Sijawahi kuimaliza." Akafuta miwani kwa ncha ya tai. "Siku ile Tad aliposema, na mimi nilikuwa na nafasi ya kusema, Bernadette. Watu wote walinigeukia. Nikasema Mh."

Kwako Bernadette Wojnar, na kwa watoto wako, na kwa wote waliofundishwa na Tad kurudi kinyumenyume bila kumgonga mtu: kituo hiki kinalia nanyi. Tunawapa pole kwa moyo wote. Pole na kwako, Lyle, najua unasikiliza.

Na wewe msikilizaji mpendwa, uliyeko jikoni, uliyeko kwenye foleni, leo nina ombi moja. Nenda kwenye rafu yako. Unalijua kasha lenyewe. Lifungue mtu akiwepo.

Mimi naiweka sasa ile CD iliyochubuka, ambayo Bernadette ametuazima, nianzie wimbo wa saba. Najua ni saa saba kamili na taarifa ya habari iko tayari. Mwenzangu ananionyesha saa kupitia kioo. Itabidi asubiri. Ikishaanza, haizimwi.